Mluzi wa Tatu

Presha mbili ninazo:
moja ya damu, ya kliniki na vidonge,
moja ya jikoni, mpira umeliwa, yavuja mvuke ubavuni.
Ya kwanza haina duka.
Ya pili nimekuja Barabara ya Biashara kuitafutia mrithi.

Muuzaji ameziketisha juu ya meza kama maharusi:
hii ya gesi, alumini, mpini mweusi, elfu nne;
hii ya stima, nene, yang'aa, vitufe kumi na viwili
na kioo cha kuandika saa, elfu tisa na nusu.
"Chukua ya stima, mama. Watia mbaazi,
wabonyeza, warudi kitandani.
Haipigi kelele."

Haipigi kelele.
Kijana, hapo ndipo ulipoharibu biashara.

Kwangu Kibokoni, ukuta mmoja na Shufaa,
mbaazi zaingia motoni saa kumi na robo alfajiri.
Mluzi wa kwanza, nakata mahamri.
Wa pili, Shufaa amvuta Twalib kitandani kwa mguu.
Wa tatu, napunguza moto,
na huko ghorofani Kalume, bawabu wa benki,
ajua ni wakati wa kufunga mkanda.
Sikuwa na habari.
Nilitanabahi siku mpira ulipokatika,
mbaazi zikatokota kimya kimya sufuriani hadi jua likapanda,
Twalib akakosa nusu ya mtihani wa hesabu,
na mamake akasimama mlangoni, leso upande:
"Kwani leo hupiki?"

Na stima nayo, tusidanganyane,
ni mgeni mwenye funguo zake:
huingia atakapo, hutoka bila kuaga.
Ramadhani iliyopita ilimtoka Fauzia maharagwe nusu,
lile dude likanuna, kifuniko hakigeuki,
wakafuturu kwa tende na chai ya rangi.
Gesi ikiisha, natuma mtoto na mtungi.
Tokeni zikiisha na simu haina kitu,
namtuma nani?

Lakini dari yangu ina ramani.
Kunde, mwaka wa arusi ya Mwanate:
kizibo kiliruka, tukaingia chini ya meza
tukicheka kwa hofu.
Doa halizibwi kwa chokaa.
Na mkono huu wa kulia, tangu masika,
haukazi kifuniko mpaka niusaidie kwa goti.
Juzi nilifungua mvuke haujaisha.
Tazama hapa, karibu na kiwiko.
Mwanate ametuma pesa na maneno manne:
"Mama, nunua ya stima."

Nilisimama hata kijana akaenda kuswali, akarudi.
"Una mpira wa presha kuukuu?"
"Mia mbili na hamsini."
Nikaununua.
Nikalipa na ile nene.

Leo, saa kumi na robo, nimebonyeza.
Taa nyekundu. Kimya cha zahanati.
Nimekata mahamri nikisikia saa ya ukutani
kwa mara ya kwanza tangu niinunue.
Kisha nikashika mwiko, nikagonga ukuta.

"Nimesikia!" Shufaa akajibu.
"Usitubomolee nyumba."

Nikangoja kidogo, kiasi cha mluzi mmoja,
nikageuza ufagio, mpini juu,
nikamgongea Kalume
pale pale, penye doa la kunde.