Hoja ya Mishumaa

Barua ya wito ilisema saa tatu.
Tulianza saa tano kasorobo.
Kasisi wa Pakanyi aliomba sala ndefu,
mvua ilikuwemo, barabara zilikuwemo, na maadui wasiotajwa,
na mimi, karani wa Baraza la Wilaya ya Masindi,
niliandika neno moja: Sala.

Ndiyo kazi yangu.
Mtu atanguruma nusu saa juu ya ada ya soko,
kola imelowa, kidole kinatwanga meza,
nikiinua kalamu amebaki mstari:
Mheshimiwa Onegiu alitoa maoni.

Ndani ya droo nina kurasa kumi na mbili za nakala
tulizogawiwa kwenye mafunzo ya makarani, Hoima:
siku moja ya Bunge la Waingereza,
karibu miaka mia nne iliyopita,
kwa mkono wa karani asiyejitaja popote.
Nimezisoma hadi zimelegea kama noti ya elfu moja.

Nao walianza kwa sala.
Muswada wa ngozi ukasomwa mara ya kwanza.
Muswada wa daraja, mara ya pili, ukapelekwa kamatini.
Mmoja akapewa ruhusa arudi kwao, mkewe mgonjwa.
Mwingine akapigishwa magoti, aombe radhi
kwa neno alilolitamka jana;
neno lenyewe karani hakuliandika.
Hapo nilicheka peke yangu. Kumbe ujanja huu ni wa kale.

Leo sisi: daraja la mbao kule Bwijanga, kamatini.
Ada ya soko, kamatini.
Diwani mmoja, ruhusa ya kwenda kumzika shemeji,
na wenzake wakaguna, maana huyo shemeji
alishazikwa mwezi wa pili.
Kisha soda. Kisha mzozo wa soda:
kwa nini nyingine zina baridi na nyingine hazina?

Kipengele cha tisa kilikuwa cha mama
aliyekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi,
bahasha mapajani, viatu amevivua.
Lori la miwa lilikosa kona
likaingia jikoni kwake.
Tulikuwa cha sita umeme ulipokatika.

Jenereta ina kiu, akasema mweka hazina.
Dizeli iliidhinishwa.
Iliidhinishwa na nani?
Spika, joho limemwelemea, akaniuliza kanuni zinasemaje.
Nikasema, Mheshimiwa, kanuni siwezi kuzisoma.
Ndipo mtu wa Budongo akasimama kwenye kiza
akatoa hoja kwamba mishumaa iletwe.

Mwili ukanisisimka.
Ukurasa wa kumi na moja, mstari wa nne:
Giza likaingia. Ikaulizwa, je, mishumaa iletwe?
Wanaotaka nuru wakatoka nje, wasioitaka wakabaki ndani,
wakahesabiwa.
Nuru ikashindwa kwa kura saba.
Baraza likaahirishwa.

Sisi tulipiga kura kwa mikono.
Nani angeihesabu?
Spika akasema, nadhani waliokubali wameshinda,
akatumwa kijana dukani kwa Hajati,
akarudi na mishumaa miwili, kiberiti kakisahau,
na kiberiti kilipopatikana
viti vilikuwa vitupu kuliko inavyoruhusiwa.
Pikipiki zilikuwa zikiwaka huko nje, moja moja.

Liko jambo sijalisema juu ya zile kurasa.
Kabla ya mishumaa yao pana ombi la mjane:
Likasomwa ombi la mjane, kisha nafasi tupu,
upana wa vidole viwili,
kisha sentensi inaendelea kana kwamba haikuruka kitu.
Alikusudia kumuuliza jina. Alikusudia kesho.
Wino umekauka kwenye kingo zote mbili za hiyo nafasi
na yule mama hajarudi kuijaza.

Nilichukua mshumaa mmoja, mali ya wilaya,
nikaukinga kwa kiganja hadi kwenye benchi.
Alikuwa akivaa viatu.
Wamekataa? akauliza.
Hawajakufikia, nikasema. Jina lako, mama.
Limo kwenye barua.
Nataka nilisikie, nisikosee.

Nta ilinidondokea kidoleni.
Kabahumuza, akasema,
akasubiri niandike,
halafu akainama kutazama daftari:
Hapana. Baada ya ba kuna ha. Irudie.