Wingu Chini ya Meza

Jumanne ile mnunuzi wa Anvers alitaka karatasi za loti kumi na saba
kabla ya saa nane mchana.
Nikafungua kompyuta. Wingu la kukodi likanijibu:
malipo yako hayakupita.
Dola zilikuwamo. Ila kadi ya Bukavu, huko,
hunuswa kwanza, kama samaki wa juzi.

Humo ndimo tulimoweka kila kitu: mikataba, picha za mizani,
majina mia nne ya wakulima wa Kalehe na alama za dole gumba.
Sikuwahi kuuliza wingu lile humnyeshea nani.

Mama Nabintu hapendi maneno marefu.
"Kahawa yangu nafungia ghala, ufunguo kiunoni.
Majina ya watu wangu yalale kwa jirani nisiyemjua?"

Akaja Mugaruka, kijana wa Panzi, na mkoba wa nyaya.
Akatutandazia programu tatu kama muuza vitenge.
Hii inameremeta, lakini imeshonwa pande zote, pindo hulioni.
Hii ni rahisi leo; kesho utalipia kila kichwa.
Ya tatu akaigeuza ndani nje:
"Msimbo wake uko wazi. Ona uzi.
Ona fundi mmoja alipokosea, mwingine akafumua, akashona upya."

"Na wewe umeusoma wote?"
Akacheka. "Wote, hapana. Lakini hakuna anayenikataza."

Nadhani tulinunua sentensi ile.

Haikuwa bure. Diski mbili, betri, paneli juu ya mabati,
siku tisa za ugali na sambaza kwa Mugaruka,
na mimi, Cibalonza, mhasibu wa kalamu ya wino,
kujifunza kutamka "seva" bila kutetemeka.

Sasa wingu letu liko chini ya meza
kando ya gunia la sampuli. Linanuka kahawa.
Umeme ukienda, lenyewe linaendelea kukoroma kama paka.
Wiki ya kwanza nilifuta folda ya Machi kwa kidole kimoja;
likanirudishia, wala halikunisimanga.
Kila usiku nakala hushuka hadi Uvira, kwa shemeji wa Mama,
maana hapa moto tunaujua,
na mlima unaoteremka na nyumba zake tunaujua.

Bado naogopa. Zamani kitu kikiharibika
nilikuwa na wa kumlaumu, mbali, asiyepokea simu.
Siku hizi wa kulaumiwa anakaa kwenye kiti changu.

Jana usiku Nsimire, karani wetu wa Ihusi,
alifungua orodha kwenye simu yake,
akalikuta jina la baba yake limekosewa herufi moja.
Hakunipigia. Asubuhi nikaona mstari mdogo tu:
*imebadilishwa na Nsimire, saa tatu na dakika sita.*