Glavu Ndefu

Tulimvalisha nyuma ya magunia ya shayiri,
ghalani mwa Mfaransa aliyekimbia akasahau kuku wake.
Mwaka wa kumi na saba. Matope yalikuwa na cheo kuliko kapteni.
Mimi, fundi cherehani, nikawa kungwi
wa mwari mwenye ndevu:
Koplo Alwyn Treharne, mchimba makaa,
kifua kama mlango wa kanisa.

Vuta pumzi, nikamwambia. Akavuta.
Nikakaza kiuno kwa kamba za buti
hadi akatukana kwa Kiwelisi, lugha ya mama yake na ya Mungu.

Gauni ni hariri ya vile vimwavuli vya taa za Wajerumani,
zinazoning'inia angani usiku kuuliza nani bado yuko hai.
Tuliviokota kwenye seng'enge, kumi na viwili;
kimoja kilitoboka, tundu nikalifanya ua.
Nywele ni kamba ya katani, imefumuliwa, imechemshwa kwa chai.
Kifuani bendeji ndani ya soksi,
ya kushoto ikiporomoka kila alipocheka.
Wekundu wa midomo nilikwangua kwenye tofali
la nyumba iliyobomolewa na mzinga.
Ulikuwa na ladha ya sebule ya watu, alisema,
akajilamba, akanyamaza.

Lakini mikono.
Mikono ilikataa katakata.
Makovu ya makaa, ya samawati, yamezama chini ya ngozi
kama barua iliyofutwa ovyo.
Sabuni haifiki huko. Poda ya meno haifiki.
Basi nikashona glavu, ndefu, kupita viwiko,
kwa shuka ya daktari
(niliiba, naungama, na ningeiba tena).

Akatoka. "Bi Olwen wa Paris!"
Mbinja, miluzi, mabati yakapigwa.
Kinanda kilikosa meno saba.
Yeye akapita kwa madaha, taratibu,
kama mwenye njia yote na jioni yote,
na ghala likatulia pole pole,
kelele zikaisha safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma.
Sajini Critchley, anayeadhibu mtu kwa kifungo kimoja,
alivua kofia, kisha hakujua aiweke wapi.

Baadaye akaja kijana mmoja, Tansley, masikio makubwa.
Hakutaka busu. Hakufanya mzaha.
"Naweza kushika mkono?"
Nilingoja Alwyn acheke. Hakucheka.
Akampa wa kulia.
"Una miaka mingapi?"
"Kumi na tisa."
Alidanganya, na sote watatu tulijua.

Saa nane usiku amri ikaja.
Alwyn alikuwa mbeba machela; alinawa uso kwa theluji,
akaondoka na poda kwenye mikunjo ya shingo.

Alfajiri walimbeba Tansley, yeye mbele, mwingine nyuma.
Njia nzima kijana aliuliza swali moja:
yule bibi atatokea tena Jumamosi?
Alwyn hakugeuka.
Atatokea, alisema. Kwa sauti ipi, sikuambiwa,
na mwenye kunisimulia hakujua kwa nini niliuliza.

Miaka kumi na minne ikapita.
Duka langu, mvua, kengele ya mlangoni.
Mke wake alitaka vifungo vya koti.
"Huyu mume wangu," alisema, "hata sindano haijui,"
akatoka kwenda kuchungulia bei ya samaki.

Alihesabu senti juu ya meza yangu, moja moja.
Mikono ileile, samawati ileile, imeongezeka.
Alizungumza juu ya mgodi, kikohozi, mbwa aliyekufa.
Kisha, akitazama vifungo:
"Zile bado unazo?"
"Moja. Ya kushoto."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.
"Ndiyo," alisema. "Moja."

Nje mkewe alimwita kwa jina lake.
Alichelewa kidogo kuitika.