Kielelezo Namba Nne

Shati lilikuwa la harusi ya mdogo wangu,
la pamba, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo,
vifungo saba, cha mwisho nilikishona mwenyewe
kwa uzi usiofanana.

Mume wangu hukarabati masufuria ya presha.
Husukuma mkokoteni wake Nimbahera nzima
akisikiliza miluzi ya majiko ya watu:
huu mpira umekauka, huu valvu imeziba,
huu mwenyewe kasahau dengu motoni.
Mkono wake hautulii penye kitu kinachovuja.
Hicho ndicho kilichomponza.

Barabara ya viwanda vya saruji, saa nane mchana,
lori lilimpitia kijana wa pikipiki, likaenda zake.
Watu arobaini waliona. Arobaini,
simu zao juu kama wanaokinga mvua.
Yeye alimwaga masufuria ya wateja barabarani,
akavua shati, akalifunga paja lililokuwa likitoka damu,
akampakia kijana kwenye mkokoteni
akasukuma kilomita mbili, kifua wazi, hadi hospitali.

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na kituo cha polisi.

"Kaa hapo." Akakaa.
"Jina la baba?" Akalitaja.
"Lori liko wapi?" Angejuaje?
Afisa alichovya biskuti kwenye chai,
akaingoja ilowe, akaila, ndipo akasema:
"Mtu haokoti asichokiangusha."

Usiku mbili alilala huko, ndani ya fulana ya mahabusu mwingine.
Shati likatiwa mfukoni, mfuko ukapigwa lakiri:
Kielelezo Namba Nne.

Daktari aliandika kwamba shati lilimwokoa kijana.
Wakili wa familia aliandika kwamba mkokoteni ulimlemaza mguu.
Karatasi zote mbili zilikaa faili moja
zikipeana joto.

Miaka minne. Tarehe kumi na saba.
Basi la alfajiri hadi Chittorgarh, nauli ya watu wawili:
hakimu yuko likizo, wakili ana homa,
umeme umekatika, faili limepotea,
faili limeonekana lakini hakimu amehamishwa.
Kwetu mke hataji jina la mumewe.
Siku niliyopanda kizimbani nikaambiwa nilitaje kwa sauti, litaandikwa.
Bhanwarlal, nikasema,
na kinywa changu kikahisi kimevuliwa nguo.

Mwishowe wakamwachia, kwa kukosekana ushahidi.
Hawakusema hakutenda. Walisema haikuthibitika.
Nilipouliza shati, karani alicheka vizuri tu, bila ubaya.

Sasa hospitalini kuna bango:
amletaye majeruhi hatazuiliwa,
hatalazimishwa kujitaja.
Chini ya bango kuna meza, na mezani kuna kijana mwenye kalamu.
"Jina?" anauliza.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka kununua bamia.
Mwanamke wa skuta, sari yake ikashikwa na gurudumu,
akaanguka mbele yetu kama mzigo uliokatika kamba.
Mume wangu akasimama.
Nilimshika mkono wa shati. Nasema kweli,
nilimshika kwa nguvu niliyonayo yote.

Hakunitazama usoni, aliutazama mkono wangu.
Kisha akaanza kufungua vifungo,
pole pole, kuanzia juu, hadi cha mwisho.
Akanipa shati. Akanipa kitambulisho kilichokuwa mfukoni,
na saa.
"Usiniite jina," alisema.

Akakimbia, kitambi kikitikisika,
watu na simu zao wakimpisha.
Nikalikunja shati mara nne, bamia zimemwagika miguuni,
nikabaki juani na kitambulisho cha mume wangu kiganjani
nikipiga kelele kama mwendawazimu:

"Wewe! Funga juu ya goti!
Juu zaidi, wewe!"