Kitovu

Nati nne zimelala kofiani mwa Thoya
kama mayai ya kanga,
na gurudumu halijatoka.

Halikuwa na habari kwamba limefunguliwa.
Limekaa palepale, limeng'ang'ania kitovu chake,
Datsuni imenyanyuka upande juu ya jeki
kama mbuzi aliyekataa kunyolewa.

"Gari hili limekula chumvi nyingi," Thoya akasema,
na wala hakuwa anatania.
Miaka kumi na tisa baba alibeba magunia kutoka Gongoni,
yakilala garini, yakidondoka maji usiku kucha
hapa uani kwetu, Barani,
tone, tone, mpaka tukazoea kulilalia usingizi.
Chumvi haina haraka.
Ilipata upenyo mwembamba kuliko unywele,
kati ya ringi na kitovu, ikakaa kitako,
ikaita kutu,
wakaoana bila kadhi wala mashahidi.

Thoya akaketi chini, mgongo kwenye mwarobaini,
akalipiga kwa kisigino, kulia, kushoto.
Likapukuta vumbi.
Akalipiga kwa nyundo, kipande cha mbao katikati
asije akaipasua ringi.
Akalinywesha dizeli. Tukangoja, tukala mahamri;
la mwisho alilila kwa hasira.
Bi Zubeda akachungulia dirishani:
"Lisomeeni!"

Kisha akazirudisha nati.
Nikadhani amekata tamaa. Kumbe.
Akazikaza kwa vidole, akazilegeza mizunguko miwili,
akashusha jeki.
"Panda," akaniambia. "Mbele kidogo, breki.
Nyuma kidogo, breki. Kata usukani.
Mimi nimeshindwa. Uzito wake wenyewe ulitoe."

Sikuwa nimekikalia kiti kile tangu mazishi.
Kina bonde, na bonde si langu.
Mguu wangu uliifikia klachi kwa ncha ya ndara.

Mbele. Breki.
Nyuma. Breki.
Mara ya sita: tah!
kama neno lililomkwama kooni mtu mpole
miaka, halafu likamtoka mbele ya wageni.

Kutu ilimwagika nyekundu, laini kama hina ya unga.
Na ndani ya ringi, kwa rangi ya buluu,
ile ya mlango wetu, iliyobaki koponi,
mwandiko wake wa kuegemea kushoto:
MBELE KULIA, na tarehe.
Hakuwahi kutuambia kwamba anaandika.
Ni nani angeyasoma humo, ila fundi, ila tope?

La pili lilitoka. La tatu likatutesa hadi adhuhuri.
Thoya alisugua kila kitovu kwa brashi ya waya
mpaka chuma kikang'aa,
akapaka grisi kwa kidole kimoja, taratibu,
kama mkunga anayempaka mtoto mafuta
pale ujiti ulipokatika.
"Sasa siku nyingine litakubali," akasema.

Likabaki la nyuma kushoto.
Hilo nakumbuka. Alilifunga Jumatatu,
akaingia ndani mikono myeusi, akadai chai,
na Alhamisi tukamzika.
Nati zake amezikaza yeye,
kwa uzito wa kilo zake zote, amesimama juu ya spana,
tabia ambayo Thoya alimkataza mara mia.

"Hilo liache," nikasema.

Thoya akanitazama, akaitazama spana.
"Siku ya pancha utanitafuta. Usiku. Njia ya Mambrui.
Na mvua."
"Nitakutafuta."
Akavaa kofia yake. Ilikuwa na grisi. Hakujali.

Nikampigia simu mnunuzi wa Marafa.
Nikamwambia gari lina gurudumu moja
ambalo haliuzwi.
Akanyamaza. Akakohoa.
Akauliza, na hayo matatu ni bei gani.