Kodi ya Kila Mwezi

Nina vyumba vinne mlimani Igogo,
vimebanana na majabali kama meno ya mtoto,
na daftari moja lililotoka jalada.
Marehemu aliniachia hayo, na deni la saruji.

Chumba cha kwanza, Nyanzobe, muuguzi:
hulipa kabla sijapiga hodi, hadi naona haya.
Cha pili, mapacha wa Bariadi, hulipa nusu nusu,
Kulwa leo, Doto kesho kutwa.
Cha tatu, Bwana Rwegoshora wa ofisini.
Mshahara wake huingia tarehe ishirini na tano,
naujua kwa harufu ya sato wa kukaanga.
Kodi hunifikia tarehe kumi na mbili, imevaa samahani.

Cha nne ni Mugini, fundi taa.
Taa za dagaa. Huzichaji, huzifunga nyaya upya,
huzibeba mgongoni hadi mwaloni Kirumba.
Mwezi wa tatu alilipa tarehe tisa.
Nikamsema mbele ya watu, kwenye foleni ya maji.
Uliofuata, tarehe nane.
Nikamsema tena. Saba.
Nikatishia umeme. Tano.
Nikajisifu kwa jirani: mpangaji ni kama msumari,
usipomgonga haingii.

Nami nimewahi kugonga. Mwaka juzi
nilimng'olea mlango binti mmoja wa Ukara.
Siku tatu alilala nyuma ya kanga iliyotundikwa,
ya nne akalipa, akahama, hakugeuka.
Mlango nikaurudisha.
Haujafunga sawasawa hadi leo.
Ndio huo wa namba nne.
Mugini huuegemeza kwa jiwe.

Ilipofika tarehe nne nikaenda kumpongeza.
Alikuwa amekaa sakafuni, bisibisi mdomoni.
"Mama, sijabadilika mimi.
Mkataba umeandika kila mwezi.
Mwezi upi? Huo wako wa ukutani,
au ule wa juu?"
Akaitoa bisibisi mdomoni.
"Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa.
Mitumbwi inalala, na mimi nalala na njaa.
Giza likirudi wanavua, wanauza, wananilipa.
Giza lenyewe kila safari linawahi siku moja hivi.
Subiri. Mwezi wa kumi na moja
nitakuwa mwema kuliko muuguzi.
Halafu nitaharibika tena, na hutajua kwa nini."

Nikamwita mwongo.
Usiku nikapanda jabali la nyuma, la kuanikia mihogo.
Kulikuwa giza la kushikika,
na ziwa lilikuwa na mji wake,
taa kwa taa hadi huko nisikokujua.
Nikazihesabu kama mjinga, nikaishia sitini na kitu.
Zipi alizifunga yeye?
Shilingi zangu zilikuwa zinaelea pale, zimelowa,
na mimi nimesimama juu na daftari.

Asubuhi nikachora mstari mpya wa namba nne:
siku ya sita ya giza. Akatia sahihi kwa penseli ya kuchorea nyaya.

Rwegoshora kusikia, akaja na kola imenyooka.
"Na mimi, Mama, nina mwezi wangu."
Nikamwambia, wako ni wa benki,
huo hauandami wala haufi.
Tarehe ishirini na sita nakusubiri mlangoni,
kabla ya huyo sato.
Alicheka. Mimi sikucheka.
Amelipa mara mbili kwa wakati. Ya tatu, tutaona.

Sijui kama nimekuwa na huruma
au nimezeeka tu.
Watu wa maji hawajui giza wala mbalamwezi,
wao huja na koleo, wakakata.
Mwenye duka la saruji ana kalenda moja.

Leo mwezi mpevu.
Majabali yote meupe, unaweza kuchambua mchele nje.
Namba nne kimya, jiwe liko mlangoni.
Napita na ndoo yangu, nanyata,
maji yasije yakamwagika yakanitangaza,
kana kwamba mwenye deni ni mimi.