Mlango Usiokuwepo

Walipolijenga Bunge la jimbo pale Regina
hawakusahau kitu: kuba, marumaru, ngazi pana,
vibakuli vya shaba vya kutemea tumbaku,
na kigingi cha kofia kwa kila bwana.
Choo cha mwanamke hakikuwamo kwenye ramani.

Kwa hiyo Euphemia Tait, mbunge wa Carrick,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
huvaa koti la mumewe juu ya koti lake,
huvuka bustani iliyoganda
hadi kwa Bi Gagnier, mjane mshona kofia,
ambaye hatozi senti, ila hudai habari:
"Leo wamegombania nini?"
Akirudi, theluji ikimdondoka mabegani,
kodi ya reli imekwisha kupitishwa.

Siasa aliianzia jikoni.
Miaka minane ubao wa simu ulikaa humo,
kati ya jiko la kuni na kapu la mayai:
nyaya kumi na saba, mashamba kumi na saba,
na yeye, chombo kikimbana sikio,
akikanda unga kwa mkono mmoja.
Alijua nani anadaiwa mbegu, nani hasemi na nduguye.
Usiku mmoja wa Februari Paraska Hnatiuk alipiga,
akalia kwa lugha ambayo Euphemia hakuijua
na akaielewa yote.
Daktari alikuwa mwendo wa maili arobaini.
Farasi walizama vifua ndani ya theluji.
Alipofika, maji ya beseni yalikuwa yameshika barafu.

Jina la Paraska liliandikwa nyuma ya hesabu za mayai.
Baadaye, majina mengine.
Daftari lipo; nimelishika. Linanuka mafuta ya taa.
Kumi na tisa, na mbele ya kila moja umri,
na mara mbili neno "pacha".

Wakati wa kampeni alipanda juu ya gari la ngano.
Mtu akapaza sauti: "Na mumeo nani anampikia?"
"Murdo, simama," akasema. "Waonyeshe tumbo."
Murdo akasimama, akageuka ubavu.
Watu wakacheka mpaka farasi wakashtuka,
na kura, nadhani, zilipatikana pale,
kabla hotuba haijaanza.

Bungeni aliacha takwimu, akasoma majina.
Waheshimiwa walikohoa, walifunua magazeti,
mmoja alichonga penseli tangu jina la tatu hadi la kumi na tisa.
Spika akaamua kwamba jina si hoja.
Mswada wa wauguzi wa vijijini ukalazwa mezani,
na mezani huko vitu huoza bila kunuka.

Mwaka uliofuata Waziri aliuleta kama wake,
mikato ya Euphemia yote ikiwa mahali pake,
hata lile kosa la tahajia katika kifungu cha sita.
Alinyoosha mkono: ndiyo.
Bi Gagnier nusura amchome sindano kwa hasira.
"Mtoto akishalia," Euphemia akamwambia, akifungua vifungo vya koti,
"nani anauliza taa ilishikwa na nani?"
Lakini barua aliyomwandikia Murdo usiku ule
ina tundu, mahali kalamu ilipotoboa karatasi.

Uchaguzi uliofuata alishindwa kwa kura tisa.
Murdo hakupiga; ng'ombe alikuwa anazaa.
Alikiri mlangoni, kofia mkononi.
"Dume au jike?"
"Jike."
Akateleka birika.

Alirudi Regina mara moja tu,
na ujumbe wa akina mama wa ushirika, mvi zimemjaa.
Bawabu, kwa fahari kama aliujenga mwenyewe,
akamwonyesha chini ya ngazi mlango mpya, kitasa cha kauri.
Hakuwa na haja. Aliingia, akakomea,
akaketi na kofia magotini
akisikiliza maji yakipita ukutani.
Muda ukaenda. Bawabu akabisha: "Bibi, u salama?"
"Subiri," akasema. "Leo sina haraka."